Mugonjwa Anayesema "Sina Neno": Habari ya Wairlandi Waliohamia Uingereza



Kama wewe ni mutu wa Likasi, ao kama wazazi wako waliishi kule wakati muji ulipoitwa Jadotville, labda umesikia habari ya askari wa Irlandi. Walikuja katika inchi yetu pamoja na jeshi la Umoja wa Mataifa. Katika mwezi wa 9 mwaka 1961, kundi lao moja la watu karibu 150 lilizungukwa pale Jadotville siku tano. Walipigana mpaka maji na risasi zikakwisha, kisha wakajitoa. Hakuna hata mumoja wao aliyekufa katika vita vile. Lakini waliporudi kwao hawakupokewa kwa heshima. Watu waliwachekelea juu ya kujitoa. Basi wakanyamaza. Wengi hawakuelezea hata wake zao mambo waliyoyaona, na wengine waliteswa miaka mingi na ndoto mbaya na huzuni. Serikali yao iliwapa heshima mbele ya watu wote katika mwaka 2016 tu. Hesabu wewe mwenyewe: ni miaka 55.

Ninaanza na askari hawa kwa sababu ni kwa njia yao wengi wetu tulijua kwamba kuna inchi inayoitwa Irlandi (wengine wanaandika Ayalandi). Lakini sitaki kusema sana juu yao leo. Ninataka kusema juu ya Wairlandi wengine, walio wengi kuliko askari: wale walioacha kwao kwenda kutafuta kazi Uingereza. Nao walinyamaza, na kule kunyamaza kuliwaletea ugonjwa.

Tunapofundisha magonjwa ya mawazo, wanafunzi wengi wanazani kwamba mugonjwa wa namna ile ni lazima apige kelele, avue nguo, akimbie porini. Huyo hata mutoto anamutambua. Mimi ninataka ujue mugonjwa mwingine: yule anayenawa, anayekwenda kazini, anayekusalimia vizuri, na ukimuuliza habari anajibu, "Sina neno." Wairlandi wana neno lao kwa jibu hili. Kwa Kiingereza cha kwao, mutu akiulizwa hali yake, anasema neno moja fupi ambalo maana yake ni "muzuri kabisa". Analisema akiwa muzuri, na analisema vilevile akiwa karibu kufa.

Kwa nini waliacha kwao

Irlandi ni kisiwa kando ya Uingereza. Tangu mwaka 1845 mpaka 1852 ugonjwa uliharibu viazi, ambavyo vilikuwa chakula cha maskini, na watu karibu milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa. Zaidi ya milioni moja wengine wakapanda mashua na kwenda mbali. Tangu pale, kuhama kukawa desturi ya jamaa nyingi. Mama alizaa watoto akijua kwamba wengine watakwenda.

Nyuma ya vita vya pili vya dunia walihama tena kwa wingi. Katika miaka 10 tu, tangu 1951 mpaka 1961, watu wapata 400,000 waliacha inchi ambayo haikuwa na watu milioni 3. Wengi wao walikwenda Uingereza. Safari ilikuwa ya usiku mumoja katika mashua, na treni asubuhi. Wanaume walijenga nyumba mahali palipobomolewa na mabomu, walichimba mitaro ya maji na ya umeme, walitoboa njia za treni chini ya muji wa London. Wanawake walitumika katika hoteli na katika nyumba za watu. Na wengi, wengi sana, walikuwa wauguzi kama sisi. Serikali ya Uingereza ilianza utumishi wake wa afya kwa watu wote katika mwaka 1948, na haikuwa na wauguzi wa kutosha. Mabinti wa Irlandi waliitika. Ninawaza mara nyingi juu ya hao dada zetu: mutana kutwa unashika mukono wa wagonjwa, usiku unarudi katika chumba ambamo hakuna wa kushika wako.

Namna upweke unavyoingia

Tufanye mufano. Kijana wa miaka 18 anatoka kijijini upande wa mangaribi ya Irlandi. Anafika London. Asubuhi mapema, mbele ya saa kumi na mbili, anasimama kando ya barabara pamoja na wengine. Kapita anapita na gari na kuchagua: wewe, wewe, na wewe. Yule asiyechaguliwa hatakula vizuri siku ile. Mushahara unatolewa mukononi, pasipo karatasi, na mara nyingi unatolewa ndani ya nyumba ya pombe. Ndiyo, ndani ya nyumba ya pombe! Kapita anaketi pale na feza zake, na ni vibaya kupokea na kutoka bila kununua kitu.

Chumba anacholala ni kidogo, chenye baridi, na anakigawanya na wanaume wengine. Mwenye nyumba hataki kuwaona ndani mutana. Basi aende wapi? Nyumba ya pombe ina moto, ina taa, ina watu wa kijiji chake, ina habari ya kazi ya kesho. Mimi ni Muprotestanti na sinywi, nawe unajua ninavyofundisha juu ya pombe. Lakini ninakuomba uone ule mupango wote mbele ya kumuhukumu yule kijana. Pombe haikuwa mwanzo wa shida yake. Mwanzo ni kwamba hapakuwa na kiti kingine cha kuketi.

Ni lazima niseme hapa, kusudi tusiwasingizie watu: si kweli kwamba kila Mwirlandi ni munywaji. Katika Kanisa Katolika la kwao kuna chama cha watu walioahidi kutokugusa pombe hata kidogo. Kilianza Dublin mwaka 1898, na wafuasi wake walikuwa wengi sana. Wazungu wengine waliwachekelea Wairlandi wote kama walevi, na munganga aliyezoea kicheko kile hakumuchunguza mugonjwa tena. Aliandika "pombe", akafunga kitabu. Chini ya pombe kulikuwa huzuni, na huzuni haikuandikwa.

Sasa miaka inapita. Kijana anatuma feza kwa mama yake na anaandika barua: "Mama, sina neno." Akienda kwao kwa sikukuu, anavaa koti jipya na kununulia watu wote. Anawezaje kusema kwamba analala chumba kimoja na watu wanne? Mwaka mwingine hana feza za kutosha kwa koti, basi haendi. Mwaka wa pili vilevile. Mama anakufa. Wale waliokuwa watoto wamekuwa wakubwa na hawamujui. Yeye hakuoa, kwa sababu kazi ilimuhamisha kila wakati. Mugongo unauma. Akifika uzee, anagundua kwamba ule mushahara wa bila karatasi ulikuwa mutego: hakuna aliyelipa feza zake za uzee, na jina lake haliko katika vitabu. Wengi wa namna hii walimaliza maisha katika nyumba kubwa za kulala wanaume peke yao. Moja ya zile nyumba, katika mutaa wa Camden kule London, ilijulikana sana kwa ajili ya wazee Wairlandi waliolala humo.

Mambo yaliyowafunga kinywa

Upweke ulikuwa muzigo wa kwanza. Kulikuwa mingine.

Tarehe 21 ya mwezi wa 11 mwaka 1974, mabomu yalilipuka katika nyumba mbili za pombe katika muji wa Birmingham. Watu 21 walikufa. Ilikuwa wakati wa vita juu ya Irlandi ya Kaskazini. Polisi walikamata wanaume sita waliozaliwa Irlandi, na katika mwaka 1975 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Hawakuwa na kosa. Walifunguliwa mwaka 1991, nyuma ya miaka 16. Wakati ule Mwirlandi yeyote Uingereza aliogopa kufungua kinywa dukani, kwa sababu matamko yake yangemuonyesha kuwa ni mutu wa wapi. Wengine waliwakataza watoto kusema nyumbani kwao ni wapi. Kwa mutu aliyezoea tayari kunyamaza, hofu hii ilikuwa kama kufuli juu ya mulango uliofungwa.

Na wengine walikuja na kidonda tangu utoto. Katika Irlandi kulikuwa masomo ya kufungia watoto maskini na yatima, yaliyoongozwa na watawa, na ndani yake watoto wengi walipigwa na kutendewa mambo machafu. Waliotoka wakiwa wakubwa, wengi walikimbilia Uingereza. Mukubwa wa serikali ya Irlandi aliomba musamaha mwaka 1999, na mwaka 2009 tume ilitangaza kitabu kirefu cha yale yaliyotendeka. Sisemi hili kwa kuwazarau ndugu Wakatoliki. Nasi Waprotestanti tuna nyumba za watoto, na mahali popote mukubwa anapokuwa na mutoto nyuma ya mulango uliofungwa, inapashwa kuwa na mutu wa kuchungulia. Lakini waza: mutu wa miaka 60, katika inchi ya wengine, anasikia redio ikisema wazi jambo ambalo hakulisema kwa mutu hata mumoja. Usiku ule hatalala.

Hesabu za hospitali

Waganga waliochunguza wagonjwa walioingia hospitali za magonjwa ya akili Uingereza, katika mwaka 1971 na tena katika mwaka 1981, waliona jambo la kushangaza. Watu waliozaliwa Irlandi waliingia kwa wingi kuliko Waingereza wenyewe, na kupita wageni wa inchi zingine walioishi pale. Ugonjwa wa huzuni ulikuwa mwingi, na ugonjwa wa pombe. Wachunguzi wengine walionyesha kwamba kujiua vilevile kulikuwa kwingi kati yao.

Basi kwa nini musaada haukufika mapema? Jibu linafundisha sana. Mwirlandi ana ngozi nyeupe na anasema Kiingereza. Munganga Mwingereza alipomutazama hakuona mugeni. Mugeni wa India ao wa Jamaika alionekana kwa macho, na polepole watu wakajua kwamba anahitaji musaada wa namna yake. Mwirlandi alipotea kati ya wengine kama maji ndani ya maji. Hata hesabu ya watu ya serikali haikuwa na mahali pa kuandika "Mwirlandi" kama kabila. Mahali pale paliwekwa mara ya kwanza mwaka 2001. Jambo lisilohesabiwa halipewi dawa wala feza. Ninyi munaoandika vitabu vya zahanati na kuchoka na mistari yake, kumbukeni hili.

Musaada uliofaa

Kitu cha kwanza kilichosaidia hakikuitwa musaada wa akili. Kiliitwa chakula cha mutana. Katika miaka ya 1950 nyumba ya Wairlandi ilifunguliwa Camden, kwanza kwa kuwapokea vijana waliofika bila pa kulala. Katika mwaka 1957 maaskofu wa Irlandi walianza kutuma mapadri wa kuwafuata wahamiaji mahali walipo, hata katika makambi ya kazi. Vyama vya Wairlandi katika miji mingi vikaungana mwaka 1973, na umoja ule unaendelea mpaka leo. Serikali ya Irlandi yenyewe ilichelewa. Watoto wake walimutumia mama feza miaka mingi, lakini ofisi ya kutoa feza kwa kusaidia vyama vyao inje ya inchi ilianza mwaka 2004.

Ndani ya nyumba hizi mutu anaingia kwa supu, kwa karata, kwa dansi ya zamani, ao kwa sababu hajui kujaza karatasi ya feza za uzee. Hakuna anayemuuliza juu ya moyo wake siku ya kwanza. Anayejaza karatasi anatoka Irlandi vilevile, ao wazazi wake wanatoka kule. Akisikia jina la kijiji, anajua mulima na muto wake. Karatasi ya feza inataka miaka ya kazi, na katika kuhesabu miaka ya kazi, mutu anaelezea maisha yake. Ni pale machozi yanapotoka.

Kumbuka Elia. Alipoketi chini ya muti na kuomba kufa, malaika hakuanza na hubiri. Alimupa mukate na maji, akamuacha alale, akamupa chakula tena. Maneno yalikuja nyuma, na hata yale yalikuja kwa sauti ndogo.

Kisha, kwa wale wenye kidonda kirefu, chakula hakitoshi. Katika mwaka 1996 kulianzishwa London chama cha washauri wenye masomo ya kazi hii, kinachoitwa icap, kwa ajili ya wahamiaji Wairlandi. Mutu anaketi na mushauri mumoja, saa moja kila juma, miezi mingi, na siri inalindwa. Waliotendewa mabaya katika zile nyumba za watoto walisaidiwa pale, na wengi walikuwa wamekataa kuingia hospitali, kwa sababu korido ndefu na harufu ya sabuni iliwakumbusha mahali pale. Angalia namna hospitali yenyewe inaweza kuwa sababu ya mugonjwa kukimbia hospitali!

Kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu kuna kazi nyingine ya ule umoja wa vyama, nayo wanaiita kwa luga yao ya zamani Cuimhne, maana yake "kumbukumbu". Wanafundisha watu wa kawaida, wapishi na wachezaji karata, namna ya kuketi na muzee anayesahau. Inafaa kwa sababu ugonjwa ule unafuta mambo ya karibu na kuacha ya mbali. Muzee aliyekaa Uingereza miaka 60 anarudi katika akili yake kwa kijiji cha mama. Wengine waliozaliwa katika luga ya Kiirlandi wanaacha Kiingereza na kuisema ile ya utoto. Kama muuguzi hajui, atazani muzee anapayuka. Anasali, ao anaomba maji.

Maneno ya kuuliza

Mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili. Kulikuwa mama mumoja katika wodi yetu, bibi ya mutu aliyehamishwa na kazi, hana ndugu hapa. Homa yake ilipona. Kila asubuhi nilimuuliza, "Mama, umelala muzuri?" Akajibu, "Muzuri, mama." Nikaandika: hana neno. Mara tatu niliandika hivi. Mugonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyenivuta pembeni: "Mama munganga, huyu halali. Analia mpaka jogoo kuwika." Niliuliza ulizo ambalo lilikuwa na jibu lake tayari ndani, nami nikapokea lile jibu kwa sababu nilikuwa na vitanda vingine kumi na tisa.

Sasa ninauliza namna ingine. Ninaketi kwanza. Mutu aliyesimama na karatasi mukononi hapewi siri. Ninasema, "Usiku wa jana, uliamuka saa ngapi?" Si "umelala muzuri?" Ninasema, "Nani anajua kwamba uko hapa?" Jibu likiwa "hakuna", nimepata ugonjwa mbele ya kupima homa. Ninasema, "Kuna kitu ulichokuwa unapenda na sasa hukipendi?" Kisha ninanyamaza. Kunyamaza kwa muuguzi ni kazi ngumu, lakini inafaa.

Na kama ninaogopa kwamba anataka kujiua, ninamuuliza wazi: "Umewaza kujiua?" Wanafunzi wanashtuka. Wanazani neno lile litatia wazo ndani ya kichwa chake. Sivyo. Wazo kama liko, liko tayari, na mutu anapata pumuzi anaposikia mwingine amelitaja bila kumukaripia. Akisema ndiyo, usimuache peke yake, ondoa dawa na kamba na visu karibu naye, na umwite munganga mara moja. Kwa Wairlandi ulizo hili lilikuwa zito mara mbili. Katika Uingereza kujaribu kujiua kulikuwa kosa la kuhukumiwa mpaka mwaka 1961, na katika Irlandi mpaka mwaka 1993. Mutu aliyejaribu na kupona aliogopa polisi, kanisa na majirani, na jamaa walificha. Ni muchungaji mumoja Mwanglikana pale London, Chad Varah, aliyeanza mwaka 1953 kazi ya kujibu telefone ya watu waliotaka kufa. Kazi ile, inayoitwa Samaritans, inajibu mpaka leo, usiku na mutana, hata Irlandi. Wanaojibu si waganga. Walifundishwa kusikiliza.

Utauliza: na yule asiyekuja hata kwa supu? Yuko. Amefunga mulango, pazia limeshuka. Watu wa zile nyumba za Wairlandi wanakwenda kubisha. Mara ya kwanza anajibu kutoka ndani kwamba hana neno. Wanaacha gazeti la kwao kando ya mulango na kusema watarudi siku fulani, na siku ile wanarudi kweli, hata mvua ikinyesha, kwa maana mutu wa namna hii amengojea wengi wasiorudi. Labda mara ya nne ao ya tano anafungua kidogo. Haombi mashauri. Anasema taa ya jikoni imekufa na mabega yake hayapandi tena kuibadilisha. Basi mugeni anavua koti, anapanda juu ya kiti, na muzee anashika kile kiti kisianguke. Kisha anaweka maji ya chai.